Cosmas: Mfanyabiashara aliyeokoa maandishi ya mawe ya Adulis

ADULIS haipo tena. Bandari iliyowahi kupokea vyombo kutoka Misri, Arabuni na India sasa ni vifusi na mchanga karibu na kijiji cha Zula, kusini mwa Massawa nchini Eritrea.

Zamani, mtu aliyeingia mjini humo kwa njia ya Aksum alikutana kwanza na kiti cha enzi cha marumaru nyeupe. Nyuma ya kiti hicho lilisimama jiwe jeusi. Vyote viwili vilijaa maandishi ya Kigiriki ya kuwatukuza wafalme: nani alishinda vita, nchi zipi zilimtii, njia zipi alizifungua. Kiti hicho na jiwe hilo vimepotea. Wataalamu wamechimba Adulis mara kadhaa tangu mwanzo wa karne ya 20 na hawajavipata.

Hata hivyo, maneno yaliyochongwa humo yanasomwa mpaka leo. Yamebaki kwa sababu wafanyabiashara wawili waliokuwa Adulis kwa shughuli zao waliitwa na liwali wa mji na kuambiwa wayanakili. Walifanya kazi hiyo, wakamkabidhi liwali nakala yake, nao wakabaki na yao. Mmoja aliitwa Menas. Wa pili ndiye anayejulikana ulimwenguni kwa jina la Cosmas Indicopleustes.

Mtu wa Alexandria

Cosmas aliishi Alexandria, Misri, katika karne ya 6 Baada ya Kristo. Siku hizo Misri ilikuwa chini ya dola ya Kirumi iliyotawaliwa kutoka Konstantinopoli, na lugha ya biashara kuanzia Mto Nile hadi Bahari ya Shamu ilikuwa Kigiriki.

Hata jina lake lina utata. Yeye mwenyewe hakutia jina kwenye kitabu chake, bali alijitambulisha kama Mkristo tu. Jina la Cosmas Indicopleustes, maana yake Cosmas aliyesafiri baharini hadi India, limetoka kwa wanakili wa karne za baadaye. Wasomi wengi wanatilia shaka kama alifika India kweli. Safari ambazo hakuna anayezipinga ni zile za upande wetu wa bahari: Bahari ya Shamu, Adulis, Aksum na pwani ya Somalia.

Hakuwa msomi wa kusomeshwa kwa mali nyingi. Katika kitabu chake anaeleza kwamba hakupata elimu ya juu ya ufasaha waliyopata watoto wa matajiri, kwamba macho yake yalikuwa dhaifu na tumbo lilimsumbua mara kwa mara. Alichojua alikipata barabarani, bandarini na kwa kuuliza watu. Mwalimu mmoja mkubwa alimpata, naye ni Mar Aba, mwanachuoni kutoka Uajemi aliyepita Alexandria na baadaye akawa mkuu wa Kanisa la Mashariki.

Biashara ya bandari moja, nchi nyingi

Ili kuelewa kazi aliyopewa Cosmas, ni lazima kuielewa Adulis. Mji ulikuwa karibu maili mbili kutoka baharini na ulikuwa mlango wa ufalme wa Aksum, dola iliyotawala nyanda za juu za Eritrea na kaskazini mwa Ethiopia ya leo. Wafanyabiashara wa Alexandria na wale wa Aila, bandari iliyoko kichwani mwa Ghuba ya Akaba, walikutana hapo.

Cosmas anaeleza mzunguko wa mali kama mtu aliyeufanya. Watu wa nchi aliyoiita Barbaria, ambayo ni pwani ya Somalia, walileta kutoka bara ubani na viungo, wakavipeleka kwa bahari Adulis, Yemen, Uajemi na India. Kisiwa cha Sri Lanka, alichokiita Taprobane, kilikuwa soko la kati. Hariri, karafuu na sandali zilifika hapo kutoka mashariki, kisha zikasambazwa magharibi. Pilipili manga ilitoka pwani ya Malabar.

Anataja pia mahali paitwapo Zingion, mbele ya Barbaria, jina ambalo wasomi wanalihusisha na Zanj, kama Waarabu walivyoiita pwani ya Afrika Mashariki. Safari moja chombo chao kilikaribia maji hayo. Hewa ilikuwa nzito, na makundi ya ndege wakubwa kupita mwewe yakawafuata. Mabaharia walishikwa na hofu, wakampigia kelele mshika usukani ageuze chombo kabla mkondo haujawatupa katika bahari kuu.

Dhahabu bila maneno

Habari ambayo mfanyabiashara wa mpakani ataisoma mara mbili ni ile ya dhahabu ya Sasu, nchi iliyokuwa mbali kusini mwa Aksum. Kila baada ya mwaka mmoja mfalme wa Aksum alituma watu wake huko kupitia kwa liwali wa Waagau. Wafanyabiashara wengine walijiunga nao, msafara ukapita watu 500. Walichukua ng'ombe, mabonge ya chumvi na chuma.

Walipofika karibu na nchi hiyo walikata miiba, wakajenga boma kubwa na kukaa ndani. Walichinja ng'ombe, wakaweka vipande vya nyama juu ya miiba pamoja na chumvi na chuma. Wenyeji walikuja na punje za dhahabu zenye umbo la dengu, wakaweka moja, mbili au zaidi juu ya kitu walichokitaka, kisha wakakaa kando.

Mwenye nyama alikuja kutazama. Akiridhika alichukua dhahabu, na mwenyeji akaja kuchukua mali yake. Asiporidhika aliiacha dhahabu pale pale. Mwenyeji akiona haijaguswa aliongeza, au aliichukua akaondoka. Hakuna aliyejua lugha ya mwenzake na wakalimani walikuwa adimu sana, lakini biashara ilifanyika na kila upande uliheshimu utaratibu.

Soko lilidumu siku tano hivi. Kurudi ndiko kulikokuwa na hatari. Msafara ulitembea kwa haraka, watu wote wakiwa na silaha, kwa sababu njiani kulikuwa na makundi yaliyowavizia kwa ajili ya dhahabu. Kwenda na kurudi kulichukua miezi sita, na walijitahidi wafike kabla mvua kubwa hazijajaza mito.

Amri ya mfalme

Tukio lililompa Cosmas nafasi katika historia lilitokea mwanzoni mwa utawala wa Justin, kaisari wa Konstantinopoli aliyetawala kuanzia 518 hadi 527. Mfalme wa Aksum alikuwa Kaleb, ambaye Cosmas anamwita Ellatzbaas. Kaleb alikuwa akijiandaa kuvuka bahari kwenda kupigana na ufalme wa Himyar huko Yemen. Vita hivyo vilifikia kilele mwaka 525, miaka michache baada ya Wakristo wa mji wa Najran kuuawa na mfalme wa Himyar.

Katikati ya maandalizi hayo, Kaleb alimwandikia liwali wa Adulis, aliyeitwa Asbas, akitaka nakala ya maandishi yaliyokuwa kwenye kiti cha enzi na kwenye jiwe. Cosmas haelezi sababu. Lakini maandishi ya kiti yalisimulia jinsi mfalme wa zamani wa Aksum alivyotuma jeshi na merikebu ng'ambo ya bahari hiyo hiyo na kuwatoza kodi watu wa Arabuni. Mfalme anayepanga kuvuka bahari angekuwa na kila sababu ya kutaka kujua nani alivuka kabla yake.

Asbas aliwaita watu wawili waliojua kusoma na kuandika Kigiriki vizuri, nao walikuwa wafanyabiashara, Cosmas na Menas. Walikwenda mpaka kwenye kiti, wakaandika neno kwa neno.

Cosmas hakuishia kwenye maneno. Aliandika kwamba kiti kilichongwa kutoka jiwe moja la marumaru ya thamani, na kwamba ingawa nyeupe haikuwa ile ya Proconnesos, kisiwa kilichosifika kwa marumaru karibu na Konstantinopoli. Alieleza kitako cha mraba, nguzo nne nyembamba pembeni na moja nene katikati iliyochongwa kwa mzunguko, mahali pa kukalia, egemeo na pande za mikono. Kimo chote kilikuwa kama dhiraa mbili na nusu. Jiwe jeusi la nyuma lilikuwa na kimo cha dhiraa tatu na kichwa kilichochongoka. Lilikuwa limeanguka, na sehemu ya chini ilikuwa imevunjika na kupotea.

Hata ubishi wao wameachiwa wasomaji. Kwenye egemeo walikuta sanamu za Hercules na Hermes, miungu ya Wagiriki. Menas aliona kwamba mmoja ni alama ya nguvu na mwingine alama ya mali. Cosmas alimpinga juu ya Hermes, akasema huyo ni alama ya usemi. Anaongeza pia kwamba mpaka siku zake waliohukumiwa kifo waliuawa mbele ya kiti hicho.

Yaliyoandikwa

Jiwe jeusi lilimtukuza Ptolemy III, mfalme wa ukoo wa Kigiriki aliyetawala Misri kuanzia 246 Kabla ya Kristo. Lilitaja wazazi wake, nchi alizorithi, kisha vita vyake katika Asia. Lilisema alikwenda na askari wa miguu, wapanda farasi, merikebu na tembo ambao yeye na baba yake walikuwa wa kwanza kuwawinda katika maeneo hayo ya Afrika na kuwafundisha vita huko Misri. Lilidai alivuka Mto Frati na kutiisha nchi zote hadi Baktria, na kwamba alirudisha Misri vitu vitakatifu vilivyochukuliwa na Waajemi. Halafu maneno yanakatika, pale pale jiwe lilipovunjika.

Mawe ya aina hii hutia chumvi. Wanahistoria wanakubali kwamba Ptolemy alifika mbali, lakini hawaamini kwamba alifika Baktria, iliyo katika Afghanistan ya leo. Hata hivyo habari ya tembo ina uzito, kwa sababu inaeleza kwa nini wafalme wa Misri walijenga vituo kwenye pwani ya Afrika ya Bahari ya Shamu karne tatu kabla ya Kristo.

Maandishi ya kiti yalikuwa ya namna nyingine. Mfalme anasema kwa nafsi yake mwenyewe. Anaorodhesha makabila aliyoyashinda, wakiwamo watu wa milima ya Semien ambako theluji ilifika magotini. Kisha anasema alifungua njia ya nchi kavu kutoka ufalme wake hadi Misri. Watu wa ng'ambo ya bahari aliwaamuru walipe kodi na waache wasafiri wapite kwa amani nchi kavu na baharini. Mpaka wa mashariki wa utawala wake ulifika nchi ya ubani, na magharibi ulifika Sasu. Anamalizia kwa kusema kwamba huo ulikuwa mwaka wa 27 wa utawala wake, na kwamba kiti hicho alikiweka wakfu kwa Ares, mungu wa vita.

Kosa lililosahihishwa na uaminifu

Cosmas aliamini kwamba maandishi yote mawili ni ya mtu mmoja, Ptolemy. Kwake maandishi ya kiti yalikuwa mwendelezo wa yale ya jiwe. Kwa muda mrefu wasomi wa Ulaya walimfuata. Mwaka 1631 maandishi hayo yalichapishwa Roma, na mwanzoni mwa karne ya 18 mtawa Mfaransa Bernard de Montfaucon akachapisha kitabu kizima cha Cosmas.

Mwanzoni mwa karne ya 19 Mwingereza Henry Salt, aliyefika Aksum na kuona maandishi mengine ya Kigiriki huko, alitambua kwamba mambo hayalingani. Jiwe lilimtaja Ptolemy kama mtu wa tatu, kiti kilisema kwa nafsi ya kwanza. Ptolemy hakuwa na sababu ya kujivunia njia inayotoka nchini kwake kwenda Misri wakati Misri ndiyo nchi yake. Wala hakufikisha miaka 27 madarakani. Kiti kilikuwa cha mfalme Mwafrika wa Aksum aliyeishi karne kadhaa baadaye. Jina lake halijulikani kwa sababu mwanzo wa maandishi yake haukuwapo.

Salt aliweza kugundua hayo kwa sababu Cosmas hakurekebisha chochote. Angekuwa mtu wa kupamba, angelinganisha nafsi, angeunganisha sentensi, angefuta mwaka wa 27. Aliandika alichokiona, hata pale ambapo hakikukubaliana na alichokiamini. Ufalme wa Aksum ulirudishiwa ushindi wake baada ya zaidi ya miaka 1,200 kwa sababu hiyo.

Sarafu mbili

Hadithi nyingine aliyoihifadhi inahusu mfanyabiashara mwenzake, Sopatros, aliyekuwa amefariki miaka 35 kabla ya kitabu kuandikwa. Sopatros alifika Sri Lanka pamoja na watu wa Adulis, na wakati huo huo meli ya Uajemi ikatia nanga. Mfalme wa kisiwa aliwauliza ni nani kati ya watawala wao aliye mkubwa. Mwajemi akawahi kujisifu. Sopatros alinyamaza, na alipoulizwa akamwambia mfalme kwamba watawala wote wawili wako hapo mbele yake, awatazame mwenyewe kwenye sarafu zao.

Sarafu ya Kirumi ilikuwa ya dhahabu safi, imepigwa vizuri. Ya Uajemi ilikuwa ya fedha. Mfalme alizigeuza, akaisifu ya dhahabu, na Sopatros akapandishwa juu ya tembo na kutembezwa mjini kwa ngoma. Katika soko la nchi nyingi, thamani ya sarafu ilisema zaidi ya majivuno ya mwenye sarafu.

Kitabu na hatima yake

Karibu mwaka 550, akiwa amestaafu safari, Cosmas aliandika kitabu kinachoitwa Topografia ya Kikristo. Wengi wanadhani alikuwa amekuwa mtawa. Lengo lake lilikuwa kuthibitisha kwamba dunia si mviringo bali ina umbo la sanduku refu, mfano wa hema la Musa jangwani. Hoja hiyo ilikuwa imeshapitwa na wakati hata siku zake, na katika karne ya 9 Photius, patriaki wa Konstantinopoli, alimdharau waziwazi.

Kwa bahati njema alitia ndani ya kitabu hicho kila alichokumbuka: maandishi ya Adulis, dhahabu ya Sasu, kifaru aliyejazwa majani katika kasri la Aksum, twiga waliofugwa humo. Leo hakuna anayemsoma Cosmas ili ajue umbo la dunia. Anasomwa kwa ajili ya Aksum.

Nakala tatu kuu za kitabu zimebaki. Ya karne ya 9 iko Vatican. Mbili za karne ya 11 ziko katika monasteri ya Mtakatifu Catherine huko Sinai na katika mji wa Florence nchini Italia. Ndani yake kuna michoro ya kiti na jiwe, na wasafiri wakiwa kwenye njia ya Aksum.

Mawe yaliyobaki

Aksum yenyewe bado ina mawe ya mfalme Ezana wa karne ya 4, yaliyoandikwa kwa Kigiriki na Ge'ez. Moja liligunduliwa na wakulima katika miaka ya 1980 na likajengewa kibanda pale pale lilipopatikana. Kwingineko duniani, mawe mengi ya aina hiyo yalichomwa kuwa chokaa, yakajengewa kuta au yakafutwa na mvua na upepo.

Wataalamu wa leo hupiga picha kwa taa iliyoinamishwa pembeni ili kivuli kionyeshe herufi zilizofifia. Hubandika karatasi nzito iliyoloweshwa na kuigonga kwa brashi mpaka ichukue umbo la maandishi. Hupima jiwe, huchora lilivyokaa na hutaja sehemu iliyovunjika. Cosmas na Menas hawakuwa na vifaa hivyo, lakini walipima, walichora na walitaja palipovunjika.

Menas alijiunga na utawa huko Raithu, Sinai, akafia huko. Mwaka wa kufa kwa Cosmas haukuandikwa popote, wala kaburi lake halijulikani. Ile nakala aliyopewa liwali Asbas kwa ajili ya mfalme imepotea pamoja na kumbukumbu nyingine za kasri. Iliyotufikia ni ile waliyobaki nayo wafanyabiashara.